Kibao Katikati ya Nguo za Marehemu

Siku ya pili baada ya kumzika 'Makhauhelo, wanawake walikuwa jikoni wakisugua masufuria ya msiba na kuongea kwa sauti ya chini, ndipo marehemu alipoomba maji.

"Nina kiu," alisema. "Naomba maji."

Ilikuwa sauti yake hasa, na ule mkwaruzo wa mwishoni aliourudisha nyumbani kutoka kiwanda cha nguo alikokuwa akishona. Sufuria moja ilianguka. Jirani mmoja, ambaye kwa maneno hana mpinzani hapa kijijini kwetu, alitoka kwa mlango wa nyuma na hakuonekana tena hadi jioni. Aliyebaki ametulia ni Nkhono peke yake, mama mkwe wa marehemu, kwa sababu macho yake yalishaingia ukungu na alizoea kuyaamini masikio. Akageuza kichwa kuelekea pembeni, alikoketishwa mjukuu wake.

Khauhelo alikuwa na miaka kumi na moja. Shingo yake ililegea, miguu haikumbeba, na mdomo wake haukuwahi kutoa neno ambalo mgeni angelishika. Mwilini mwake kilichomtii ni kiganja cha kushoto, nacho kwa kubembelezwa. Mbele yake, juu ya meza ndogo ya kiti chake cha magurudumu, kilifungwa kibao cha plastiki chenye vitufe vinane vipana vyenye picha: kikombe, sahani, choo, blanketi, uso unaolia, uso unaocheka wa kusema ndiyo, msalaba mwekundu wa kusema hapana, na picha ya mama yake amevaa kofia ya kiwandani. Ukibonyeza, kibao kinasema. Na kilisema kwa sauti ya 'Makhauhelo, maana ndiye aliyeyarekodi maneno yote siku mwalimu alipokileta kutoka shule ya watoto wenye ulemavu kule mjini.

Basi mtoto alikuwa na kiu tu. Lakini nani angempa maji wakati ule? Kila mtu alikuwa ameshika kifua chake.

Aliyenyanyuka kwanza ni Shangazi Moipone, dada yake baba mtoto, mwanamke ambaye hutenda halafu ndipo afikiri. Alichukua shuka na kukisogelea kiti. Khauhelo aliuona mkono unakuja, akabonyeza msalaba mwekundu.

"Hapana," alisema marehemu. "Sitaki."

Shangazi akakifunika kibao kwa shuka na kukifungua kutoka kwenye meza ya kiti. Alisema vitu vya marehemu havizururi nyumbani, hukaa pamoja mpaka wenyewe waje kuvigawa. Wenyewe ni Mjomba Sekhobe, kaka yake 'Makhauhelo, ambaye angefika baridi ikipungua, pombe ikipikwa na kondoo akichinjwa, mbele ya ndugu wote.

"Lakini si cha mtoto hicho?" Nkhono aliuliza.

"Sauti ni ya nani, Mama?"

Kibao kikaingia chumba cha nyuma, kikalazwa juu ya mablanketi ya marehemu, karibu na viatu vyake vya kiwandani, na ufunguo ukafungwa kwenye pindo la kitambaa cha Nkhono. Walipokumbuka kumpa mtoto maji, alishaacha kuyataka.

*

Baba yake Khauhelo, Ntate Motlatsi, angeweza kuupiga mlango ule bega moja tu ukafunguka. Alifanya kazi machimboni miaka mingi, na mabega bado anayo. Hakufanya hivyo, na aliyemwita mwoga hakuyasikia maneno ya makaburini. Mjomba Sekhobe alikuwa amesema, mbele ya watu, kwamba dada yake alikohoa muda mrefu mno kabla ya kupelekwa hospitali. Hakumtaja mtu. Ila kila mmoja alimtazama Motlatsi, na Motlatsi akatazama udongo. Mwanaume aliyeachwa na maneno kama hayo hathubutu kugusa hata kitana cha marehemu kabla ya shemeji yake kufika. Kwa hiyo alivaa nguo zake nyeusi, kichwa kimenyolewa, akaenda kwenye vibarua vya barabara asubuhi na kurudi jioni, na alipopita kwenye mlango ule alikaza mwendo.

Nyumba ilirudi kwenye kubahatisha. Khauhelo akiguna, anapewa uji. Akiutema uji, anafunikwa blanketi. Akililia blanketi, anapewa uji. Kwa miaka miwili msichana huyu alikuwa akiomba choo kama mtu yeyote, tena kwa adabu kuliko watoto wengi wa hapa, na sasa jirani mwenye huruma alileta mfuko wa nepi. Walimbadilisha mkekani, mlango wazi, wageni wa rambirambi wakiingia na kutoka. Shangazi alimwambia asione haya, wote pale ni watu wa nyumbani. Khauhelo aligeuza uso kuelekea ukutani. Kichwa chake kilichonyolewa kwa msiba kilionekana kidogo sana.

Mwalimu Keneuoe ndiye aliyekuwa amewafundisha kukitumia kibao, akiketi kwenye kigoda palepale jikoni. Mwanzoni walimcheka. Mtoto alikuwa akibonyeza ovyo, na mwalimu akilijibu kila neno kana kwamba limekusudiwa: akibonyeza choo, anabebwa chooni, akibonyeza sahani ameshiba, analetewa sahani. Nkhono alisema mwalimu huyu ameletwa kutuchosha. Lakini mwalimu alijua kungoja. Aliuliza swali, akakaa kimya, mikono mapajani, mpaka watu wengine wakaanza kukohoa. Na asubuhi moja Khauhelo alibonyeza kikombe, akaletewa maji, akanywa yote, akabonyeza kikombe tena. Siku hiyo 'Makhauhelo alitoka nje na kupiga vigelegele peke yake kama mwanamke aliyeozesha.

Mwalimu aliweka masharti mawili, na aliyarudia hadi Nkhono akayaimba. La kwanza: mkono wake ndio ulimi wake, kwa hiyo mtu asiushike, hata kwa nia ya kumsaidia, kwani hatumshiki mtu ulimi anapoongea. La pili: akisema hapana, iwe hapana, hata kama ni chakula kizuri namna gani. Mtu ambaye hapana yake haisikiki, alisema, ndiyo yake haina kazi.

*

Baridi ilikaza. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe na maji ya ndoo yaliganda juu. Nkhono alimwonea huruma mjukuu wake aliyekaa siku nzima bila kutikisa miguu, akafanya kama alivyofanyiwa yeye utotoni: akalipasha tofali motoni, akalizungushia kitambaa, akaliweka chini ya miguu ya mtoto, akamfunika blanketi zito mpaka kiunoni.

Kitambaa kiliteleza. Khauhelo alianza kulia.

Ilikuwa Jumapili mchana na kinamama wa kanisa walikuwa wamekuja kuifariji nyumba. Walipomsikia, mmoja akasema, "Mwacheni amlilie mama yake. Kilio kikizuiwa kinamkaa mtoto kifuani." Wengine wakaitikia kwamba kweli, tangu mazishi hajalia hivi. Kisha wakaanzisha wimbo. Nkhono alimshika mjukuu wake bega na kuimba kuliko wote, machozi yakimtoka kwenye macho yale ya ukungu. Shangazi Moipone alipiga magoti mbele ya kiti, akaweka paji la uso juu ya goti la mtoto na kulia naye. Waliimba wimbo wote, wakarudia ubeti wa mwisho. Mtoto alirusha kiganja cha kushoto juu ya meza tupu, akaipiga pale pale, upande wa kulia juu, palipokuwa na uso unaolia. Walidhani anapiga mdundo.

Waligundua walipomvua soksi. Sitaeleza kilichotoka pamoja na soksi. Kule zahanati, nesi alimuuliza Motlatsi kama mtoto hakulia.

"Alilia," Motlatsi alijibu.

"Sasa mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa naye," alisema. Na hilo ndilo lililomkata maini.

*

Motlatsi hakurudi nyumbani moja kwa moja kutoka zahanati. Alipitia shuleni, mtoto mgongoni ndani ya blanketi, akasimama mlangoni mwa darasa la Mwalimu Keneuoe mpaka mwalimu akamwona. Kesho yake mwalimu alikuja nyumbani akiwa na karatasi ngumu yenye picha zilezile nane. Shule haikuwa na kibao kingine. Cha pili kilishaharibika na cha tatu alikuwa nacho mtoto mwingine. Khauhelo aliielewa karatasi papo hapo. Alikiweka kiganja juu ya kikombe, akangoja.

Nkhono alikuwa hatua chache kutoka kwake, akichambua mboga. Hakusikia kitu, kwa sababu hapakuwa na cha kusikia. Mtoto akapiga kikombe tena. Karatasi ilitoa mlio wa karatasi.

"Anaongea na wewe, Nkhono," mwalimu alisema taratibu.

Bibi aligeuka, akayakodoa macho yake kuelekea kwenye karatasi, halafu akayafuta kwa pindo la nguo kana kwamba tatizo ni vumbi. "Mwanangu, mimi kwenye karatasi hiyo naona weupe tu," alisema. "Shangazi yake anashinda shambani. Mchana tuko wawili hapa. Yeye hana mdomo na mimi sina macho."

Mwalimu akaomba kibao kitolewe. Nkhono hakumkasirikia. Alimweleza kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mtoto, kwamba yeye mwenyewe anaisikia sauti ile hata sasa, mlango ukiwa umefungwa, na kwamba aliyekufa akiendelea kuitwa ndani ya nyumba hapati njia ya kwenda. Na mtoto anayezungumza kwa kinywa cha maiti atatafutwa na huyo maiti. "Nimeshazika mkwe," alisema. "Unataka nizike na mjukuu?"

Hapo ndipo mwalimu alipotoa wazo, na tangu siku ile sidhani kama amelala vizuri. Alisema kibao kinaweza kurekodiwa upya. Unashika kitufe kidogo cha nyuma, unabonyeza picha, unasema, basi. Sauti mpya inakaa, ya zamani inafutika. Mtu aliye hai aseme maneno yaleyale, na kibao kirudi mezani.

Motlatsi alikuwa ameegemea mlango. Aliuliza ikifutika inakwenda wapi. Mwalimu alisema haiendi popote. Motlatsi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, akatoka nje kwenda kuwatazama kuku ambao hawakuhitaji kutazamwa. Jioni hiyo alimpigia simu shemeji yake, akamwomba aje mapema. Ilimbidi amwambie habari ya mguu. Alishika simu sikioni kwa muda mrefu, na sisi tuliokuwa karibu tulijua anaambiwa nini.

*

Mjomba Sekhobe alifika na blanketi lake zuri begani na kofia ya majani mkononi. Kondoo alichinjwa, pombe ikaonjwa, nguo zikatolewa chumba cha nyuma na kutandikwa juani. Aligawa kwa haki, hakuna wa kumlaumu: gauni kwa huyu, viatu kwa yule, koti la baridi kwa Shangazi Moipone aliyemuuguza marehemu. Kila aliyepewa alipiga magoti na kushukuru. Kibao kilibaki peke yake kwenye mkeka.

Khauhelo alikuwa ameketishwa kwenye kiti chake, mguu umefungwa bendeji kubwa kama mkate. Tangu kilipotoka hakukiondolea macho. Mwalimu Keneuoe alikifunga juu ya meza, akawasha. Kabla hajaondoa mkono vizuri, kiganja cha mtoto kilishatua kwenye picha ya kofia ya kiwandani.

"Mama, njoo," alisema 'Makhauhelo, akijiita mwenyewe.

Mjomba Sekhobe alikaa chini. Hatukuwa tumemwona akilia makaburini. Alivua kofia aliyokuwa ameshaivaa, akaishika mbele ya uso, na Motlatsi, aliyekuwa akimwogopa kuliko mtu yeyote duniani, akasogea na kukaa pembeni yake. Mtoto alibonyeza tena, na tena. Kila mara alitazama mlangoni.

Mwalimu alipendekeza aihifadhi sauti kwenye simu yake kwanza, ili baba awe nayo. Mjomba alikataa. "Ili iwe nini, 'M'e Mwalimu? Siku umekosea kubonyeza, dada yangu aongee sokoni katikati ya vitunguu?" Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba mtoto ameungua na wazima wakiimba, na hilo halitarudiwa. Moipone ndiye atakayemlea. Moipone aseme.

Shangazi alijifuta mikono kwenye koti alilopewa muda uleule. Mwalimu akashika kitufe cha nyuma. Walianza na kikombe. "Nina kiu," Shangazi alisema, karibu kunong'ona. "Naomba maji." Mwalimu akalirudisha neno walisikilize, na likatoka la Moipone, safi, bila mkwaruzo.

Khauhelo alikitazama kikombe, halafu akamtazama mwalimu. Alikuwa mtoto mwenye akili na alielewa kabla ya watu wazima wengi waliokuwepo pale. Kiganja kikaenda kwenye msalaba mwekundu.

"Hapana," alisema mama yake. "Sitaki."

Wa kwanza kusema alikuwa Nkhono, na hakusema kwa ubaya. "Mwalimu, si wewe uliyetuambia hapana yake isivunjwe?"

"Ni mimi."

"Amekataa, basi."

"Nimesikia, Nkhono."

"Tufanye nini?"

Mwalimu Keneuoe amesoma. Ana vyeti vyake, amekaa na watoto hawa miaka mingi, na wazazi wanamfuata toka mbali kumuuliza mambo. Alipima njia zote mbili. Wakiitii ile hapana, kibao kinarudi kufungiwa, au kinachukuliwa na upande wa mjomba, na mtoto anarudi kwenye karatasi asiyoiona bibi yake, na mguu wa pili bado upo wa kuungua. Wasipoitii, basi kila alichowafundisha jikoni mle kilikuwa mchezo wa mchana. Alimtazama Motlatsi, naye akatazama udongo. Mtoto alikuwa akibonyeza bila kupumzika sasa. Hapana, sitaki. Hapana, sitaki. Sauti ya marehemu ilijaa uani mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia, na hakuna neno lingine lililoweza kurekodiwa juu ya kelele ile.

Mwalimu akainama. Aliukunja mkono wa kushoto wa Khauhelo polepole, akauweka kifuani kwa mtoto, akaushika.

"Endelea, 'M'e," alimwambia Moipone. Na kwa Khauhelo alisema, "Nisamehe, mwanangu, nisamehe," mara nyingi, mpaka maneno yakakosa maana.

Walimaliza sahani, choo, blanketi, uso unaolia, uso unaocheka. Mkono ulivuta chini ya mkono wa mwalimu muda wote huo, kisha ukaacha kuvuta. Picha ya kofia ya kiwandani mwalimu aliibandua kwa kucha, akampa Motlatsi, akaweka picha ya Moipone, na Moipone akasema, "Shangazi, njoo." Msalaba mwekundu waliuacha wa mwisho. Mjomba aliomba waubonyeze mara moja kabla ya kuufuta, nao wakaubonyeza, wote wakasikiliza. Halafu Moipone akalisema lile neno vizuri kabisa, kwa upole, kama mtu anayekataa kuongezewa chai.

*

Mwalimu aliuachia mkono. Alirudi nyuma, akaweka mikono yake ndani ya blanketi alilojifunika, akangoja kama alivyokuwa akiwafundisha kungoja. Wote walingoja. Jua lilikuwa bado lipo na nyama ilikuwa ikipoa kwenye masinia.

Khauhelo alikikodolea macho kibao. Kiganja kilipanda mezani kwa shida, kikapita juu ya kikombe, kikapita juu ya sahani, kikatua kwenye uso unaolia.

"Panauma," kilisema kibao kwa sauti ya Shangazi Moipone. "Niangalieni."

"Kinafanya kazi," alisema Mjomba Sekhobe, akashusha pumzi, akavaa kofia yake.

Shangazi alishapiga magoti. Alikuwa karibu kucheka kwa furaha ya kuombwa jambo analoweza kulitenda. Alifungua bendeji, akauchunguza mguu kidole kwa kidole. Kidonda kilikuwa kikavu. "Ni hapa, mama? Hapa ndipo panapouma?"

"Hapana. Sitaki."

Nkhono alikuja na mikono yake inayoona. Alipapasa mguu wa pili, magoti, mgongo, akaingiza kidole mdomoni kutafuta jino. Motlatsi alilegeza mkanda wa kiti, akatazama kama umemkata. Kwa kila mahali waliuliza, wakangoja, wala hakuna aliyeushika mkono wake, na kwa kila mahali alijibu hapana. Kisha kiganja kilirudi palepale.

"Panauma. Niangalieni."

Mwalimu Keneuoe alikuwa amefika karibu na lango. Yeye alipajua panapouma, na hakuna aliyemuuliza. Nyuma yake walikuwa wakimvua mtoto sweta, taratibu, ili waanze upya.